Kujenga na Kubadilisha Majengo Katikati ya Mji wa Tabora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametokana na mazungumzo ninayokuwa nayo karibu kila wiki na wenye nyumba, warithi, wapangaji na wafanyabiashara wa Tabora mjini, ambao wengi wao huja na ramani mkononi wakati fundi ameshachimba msingi. Nimeyajibu kwa kadiri ya kazi yangu ya kuchora na kusimamia majengo, na nimekaa zaidi kwenye mambo mawili yanayowapotezea watu fedha nyingi, yaani matumizi ya jengo na kuta za tope.

Kwa nini ujenzi umeongezeka katikati ya mji?

Tabora ni mji wa zamani kuliko wageni wengi wanavyodhani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara Waarabu wanaishi kwenye matembe ya tope, na Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912 mji ukapata sura nyingine, wa maduka yenye baraza mbele na makazi uwani. Majengo mengi ninayoitwa kuyaangalia yana mfumo huo wa duka mbele na nyumba nyuma, na mji uliyatumia hivyo kwa miongo mingi bila haja kubwa ya kuyagusa.

Haja hiyo sasa ipo. Manispaa ilikuwa na watu 226,999 katika sensa ya mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 308,741. Maji ya Ziwa Victoria yamefika, ambapo zamani mji ulitegemea mabwawa, hasa lile la Igombe, na mtu aliyekuwa anaogopa kujenga gesti ya vyumba kumi kwa sababu ya mgawo wa maji haogopi tena. Pia mikataba ya kujenga reli ya kisasa ya Makutupora–Tabora, Tabora–Isaka na Tabora–Kigoma ilisainiwa kati ya Desemba 2021 na Desemba 2022, na kipande cha kwenda Kigoma peke yake kina kilomita 506. Matokeo yake kila mwenye nyumba ya urithi karibu na soko au stesheni ameanza kufikiria fremu, hosteli au ghorofa. Ninachoomba ni kwamba hesabu ya mradi ifanywe kwa wateja waliopo leo, kwa kuwa nimeona watu wakikopa kwa kutegemea abiria ambao bado hawajafika.

Nataka kununua au kukodisha jengo la zamani ili nilibadilishe. Nianzie wapi?

Anzia kwenye umiliki, kabla hujamlipa mchora ramani hata shilingi moja. Omba kuona hati, kisha nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi ili ujue jina lililosajiliwa, muda uliobaki katika hati ya miaka 33, 66 au 99, kama kuna rehani ya benki, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa.

Majengo ya katikati ya mji yana historia yake. Mwaka 1971 Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo, iliyogusa nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 majukumu ya Msajili yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo mtu anayekuuzia duka alilokaa miaka thelathini anaweza kuwa mpangaji tu, naye anakuuzia kile ambacho mtaani huitwa kilemba, yaani haki ya kukaa, huku jengo lenyewe si lake. Mpangaji hana mamlaka ya kuvunja ukuta, kupanua mlango au kujenga uwani bila ridhaa ya maandishi ya mwenye jengo, na gharama zote atakazoingia bila ridhaa hiyo zinabaki kuwa zake.

Kwa nyumba za urithi, hakikisha msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama na warithi wote wamekubaliana. Nimesimamisha kazi mara mbili kwa sababu dada au kaka aliyekuwa Mwanza alirudi na kukuta chumba cha marehemu baba kimekuwa saluni.

Sibomoi ukuta wowote. Ninageuza tu nyumba ya kuishi kuwa maduka. Je, ninahitaji kibali?

Unahitaji, na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 inahesabu mabadiliko ya matumizi kuwa ni uendelezaji, sawa na kujenga. Hati yako imeandikwa matumizi ya kiwanja: makazi, biashara, makazi na biashara, taasisi, na kadhalika. Ukiweka duka la jumla kwenye kiwanja kilichoandikwa makazi peke yake umevunja sharti la hati hata kama hukugusa tofali moja.

Sababu yake inaeleweka ukitazama kinachotokea mtaani. Nyumba ya familia ya watu saba ikiwa gesti ya vyumba kumi na mbili, maji yanayotumika yanaongezeka, majitaka yanaongezeka, magari na bodaboda zinasimama mlangoni hadi usiku, na jirani aliyejenga chumba chake cha kulala ukutani mwako anasikia kila kitu. Kuta ni zilezile, lakini mzigo unaobebwa na kiwanja, mtaa na mfereji si uleule tena. Ndiyo maana utaratibu unataka kusudio litangazwe, ili majirani wapate nafasi ya kutoa pingamizi kabla ombi halijaamuliwa.

Kwa mpangilio sahihi, ombi la kubadili matumizi linapitia Manispaa, kwa maofisa mipangomiji, kisha mamlaka ya ardhi, na likikubaliwa hati inarekebishwa. Baada ya hapo ndipo unaomba kibali cha ujenzi. Watu hufanya kinyume chake: wanapata kibali cha "ukarabati", wanapaka rangi, wanafungua biashara, kisha leseni inapokwama ndipo wanakuja kuuliza kuhusu matumizi. Kurekebisha jambo hili baadaye kunachukua muda mrefu kuliko kulianza vizuri, na wakati wote huo fremu zinakuwa zimefungwa.

Je, kupaka rangi na kubadilisha bati nako kunahitaji kibali?

Matengenezo madogo yasiyogusa uimara, ukubwa wala matumizi ya jengo kwa kawaida hayana shida, lakini mjulishe mkaguzi wa majengo wa Manispaa kwa maandishi. Kubomoa kunahitaji kibali chake, na uzio pia unahitaji.

Kibali cha ujenzi kinaombwaje?

Maombi ya vibali siku hizi yanapitia mfumo wa Tausi, unaosimamiwa na Ofisi ya Rais TAMISEMI, ambao pia unatumika kwa leseni za biashara. Utaambatisha uthibitisho wa umiliki, risiti ya kodi ya pango la ardhi, ramani za jengo zilizochorwa na mtu mwenye sifa, na kwa ghorofa au jengo la umma utaongeza michoro ya uimara iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Wataalamu wa ardhi, afya, mazingira na ujenzi wa Manispaa wanaipitia, na wanaweza kukurudishia kwa marekebisho.

Kwa jengo la zamani ninasisitiza kitu kimoja ambacho wengi hukiruka: chora kwanza jengo lilivyo. Pima kila ukuta, unene wake, urefu wa dari na mahali paa linapoegemea, piga picha za nyufa na uandike tarehe. Ramani ya jengo jipya inachorwa kwenye karatasi tupu, ila ramani ya mabadiliko inategemea kilichopo, na ukuta uliodhaniwa kuwa sentimita 23 ukikutwa ni sentimita 50 vyumba vyote vinasogea.

Jengo langu ni la enzi za Wajerumani. Je, linalindwa?

Jibu linahitaji uangalifu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo ya Wajerumani na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi ni ya baadaye, kwa hiyo yanalindwa pale tu ambapo waziri mwenye dhamana ameyatangaza. Andikia Idara ya Mambo ya Kale uulize kabla ya kuchora, kwa maana jibu la maandishi linakulinda wewe na jengo.

Hata hivyo, kutotangazwa hakumaanishi kwamba jengo halina thamani. Tembe la Livingstone pale Kwihara, alimokaa na Stanley mwaka 1872, ni nyumba ya kuishi ya tope iliyogeuzwa makumbusho. Boma la Wajerumani la Arusha, lililojengwa mwaka 1900, limekuwa Makumbusho ya Historia ya Asili, na Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa wakati wa Sultani Majid, limepewa kazi mpya ya kuonyesha historia ya usanifu wa jiji lile. Sisi watu wa Tabora tuna mji ambao TANU ilifanyia mkutano wake wa Januari 1958 na kuamua suala la kura tatu (kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu), na tuna mabaraza, milango ya mninga na kuta nene ambazo mji mwingine ungezijivunia. Ninaumia sana ninapoona mlango uliochongwa unang'olewa na kuuzwa kama kuni ili nafasi yake iwekwe shata ya chuma. Mwombe mchora ramani auingize mlango ule kwenye ramani mpya, kwa kuwa inawezekana karibu kila mara.

Kuta ni za matofali mabichi ya tope. Je, zinafaa kubaki, au nibomoe nijenge kwa bloku?

Kuta nyingi za tope zilizosimama miaka themanini zinaweza kusimama tena miaka mingi, endapo zitakuwa na mambo mawili: paa lisilovuja na miguu mikavu. Zinazoanguka, kwa nilivyoona mimi, huwa zimeuawa na ukarabati.

Ukuta wa tope unanyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Mafundi wa zamani waliupaka tope laini au chokaa, na vyote viwili vinaruhusu unyevu utoke. Sasa mwenye nyumba anataka ukuta unyooke na ung'ae, anapiga lipu ya saruji nje na ndani, na chini anaweka vigae hadi kiunoni. Saruji haipitishi unyevu kwa kasi ile. Maji yanayopanda kutoka chini hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi ndani ya ukuta, na sehemu ya chini inayobeba uzito wote inalowa mwaka mzima. Kwa nje huoni kitu mpaka lipu inapoanza kuvimba na kulia kama debe tupu ukiigonga.

Mwezi Februari mmoja niliitwa kwenye nyumba karibu na soko, ambayo mama mmoja alikuwa ameirithi na kuifanya mgahawa. Ilikuwa imepigwa lipu ya saruji miaka mitatu kabla. Fundi alibandua kigae kimoja nyuma ya sinki, nami nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba, kikazama mpaka mwisho wa ukucha. Tofali lilikuwa baridi na laini kama ugali uliolala. Juu yake, kwenye kimo cha bega, ukuta uleule ulikuwa mgumu hata msumari unakataa. Fundi mzee tuliyekuwa naye aliupangusa kwa kiganja akaniambia, "Mwanangu, tope likifungiwa maji linarudi kuwa tope." Tuliegemeza paa kwa mirunda siku ileile, na mgahawa ukafungwa.

Dawa yake haina haraka. Bandua lipu ya saruji, hasa mita moja ya chini. Shusha udongo wa nje uliorundikana juu ya usawa wa sakafu ya ndani, na uchimbe mfereji wa kuondoa maji ya paa mbali na ukuta. Acha ukuta ukauke kiangazi kizima, kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa kuwa hapa kwetu mvua hurudi Novemba. Kisha jaza sehemu zilizoliwa kwa matofali mabichi ya udongo unaofanana, na upake chokaa iliyozimwa vizuri. Ukihitaji uso unaosafishika jikoni au bafuni, jenga ukuta mwembamba wa bloku ndani, ukiacha nafasi ya hewa kati yake na ukuta wa zamani, kisha vigae uviweke kwenye ule mpya.

Kwa anayetaka kutoboa mlango mpana wa duka, tahadhari ni kubwa zaidi. Usitoboe karibu na kona, kwani kona ndiyo inayoshika kuta mbili zisifunguke, na mimi huacha angalau mita moja. Egemeza paa kwanza, toboa baadaye. Lenta ya zege isiishie juu ya tope tupu, bali ikae juu ya nguzo za tofali za kuchoma au zege zinazoshuka hadi kwenye msingi wake. Na usifungue milango mitatu kwenye ukuta mmoja kwa sababu tu umepata wapangaji watatu.

Je, ninaweza kuongeza ghorofa juu ya nyumba iliyopo?

Juu ya kuta za tope, hapana, na sijawahi kukutana na hali iliyonifanya nibadili jibu hilo. Juu ya kuta za bloku au tofali za kuchoma, inategemea msingi, ambao lazima uchimbuliwe na kuonwa na mhandisi sehemu kadhaa, kwa sababu nyumba nyingi za chini zilijengewa msingi wa kubeba bati tu. Njia iliyo salama, pale ambapo mwenye jengo ana uwezo, ni kusimamisha fremu mpya ya nguzo na mihimili ya zege au chuma yenye misingi yake, ambayo inabeba ghorofa bila kuuegemea ukuta wa zamani. Uso wa mbele wenye baraza unaweza kubaki mahali pake.

Naomba swali hili lichukuliwe kwa uzito wote. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lililokuwa na maduka liliporomoka Kariakoo asubuhi na kuua zaidi ya watu 25, wengi wao wafanyabiashara waliokuwa kazini. Kuchimba chini ya jengo lenye watu, kuongeza uzito juu yake, au kuondoa ukuta "usio na kazi" ni mambo ambayo hakuna fundi anayepaswa kuyafanya kwa kukadiria kwa macho, awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Udongo wa Tabora ukoje kwa msingi wa jengo jipya?

Sehemu kubwa ya mji iko kwenye udongo wa kichanga uliotokana na miamba ya matale, na huo ni mzuri kwa msingi wa kawaida. Hatari iko mabondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi ukatumbukiza mkono kwenye ufa. Jengo likikaa nusu kwenye kichanga na nusu kwenye mbuga litapasuka katikati, hata zege liwe zuri vipi. Chimba mashimo ya majaribio kwenye kona zote nne kabla ya kuchora msingi, na usikubali jibu la kwamba jirani naye alijenga hapo.

Viwanja vya zamani vina jambo jingine tena. Vina mashimo ya vyoo vilivyofukiwa, visima vilivyosahauliwa na takataka za miaka mia moja. Waulize wazee wa mtaa choo kilikuwa wapi. Wanakumbuka, na jibu lao limewahi kuniokoa na nguzo iliyokuwa imechorwa katikati ya shimo la futi ishirini.

Paa la zamani lina mchwa. Je, niling'oe lote?

Usiling'oe kabla ya kukagua mbao moja moja. Mapaa mengi ya zamani hapa yalijengwa kwa mninga, na kiini cha mninga mchwa hawakipendi. Wanachokula ni kingo nyeupe za mbao, na papi za miti laini zilizoongezwa baadaye. Choma kila mbao kwa bisibisi, hasa pale inapoingia ukutani, na ubadilishe ile inayozama tu. Mninga mzuri wa miaka sabini ukiuuza kama mbao chakavu, hutaupata tena kwa bei hiyo.

Mchwa wenyewe wanapanda kutoka ardhini ndani ya kuta za tope. Kupulizia darini peke yake ni kuwafukuza kwa wiki chache. Udongo wa kuzunguka msingi utiwe dawa na mtu anayeijua, magogo na mabaki ya mbao yaondolewe uwani, na mbao yoyote isigusane na ardhi.

Barabara mpya imekuwa juu kuliko sakafu yangu. Nifanyeje?

Swali hili linaongezeka kadiri barabara za mji zinavyojengwa upya. Tabora ni kati ya miji 45 iliyo kwenye mradi wa TACTIC wa kuboresha miundombinu ya miji, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ni jambo jema, lakini barabara ikipandishwa, kizingiti cha duka la mwaka 1930 kinakuwa shimoni. Kabla ya kazi kupita mbele yako, nenda kwa mhandisi wa Manispaa uulize usawa wa mwisho wa barabara na mfereji, kisha uupime kulinganisha na sakafu yako. Ukichelewa, utahitaji kuinua sakafu ya ndani, jambo ambalo linapunguza kimo cha milango na kuzika sehemu ya chini ya ukuta, yaani palepale ambapo tope halitaki unyevu.

Gesti au hosteli inahitaji choo na mfumo wa majitaka wa ukubwa gani?

Sehemu kubwa ya mji inategemea tangi la septiki na shimo la kunyonya. Fanya hesabu rahisi: vyumba kumi, wageni wawili kila chumba, lita themanini kwa kila mgeni, ni lita 1,600 kwa siku. Tangi lililojengwa kwa ajili ya familia halitoshi. Jipya linapaswa kuyashika maji hayo kwa angalau siku nzima, mbali na nafasi ya tope linalotuama, na gari la kunyonya majitaka liweze kulifikia. Kiwanja kikijaa vyumba hadi ukutani, gari halitaingia, na hapo ndipo majirani wanapoanza kulalamika. Kwa hiyo chora tangi kwanza, vyumba vifuate.

Vipi kuhusu umeme na moto?

Waya za zamani ziondolewe zote. Kila fremu iwe na mita yake na swichi kuu yake, na kazi ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kwa gesti, hosteli na ukumbi, peleka ramani Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mapema, kabla dirisha halijafungwa kwa nondo. Gesti nyingi nilizoziona zina korido moja, mlango mmoja na nondo kila dirisha. Mlango wa pili wa kutokea ni gharama ndogo wakati wa kuchora, na ni gharama kubwa baada ya kujenga.

Je, ni lazima niweke njia ya watu wenye ulemavu?

Ndiyo, kwa jengo linalotumiwa na umma, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka hivyo. Baraza za zamani ziko juu ya ardhi, kwa hiyo panga mteremko wa mita moja kwenda juu kwa mita kumi na mbili kwenda mbele. Kwa kimo cha sentimita 45 unahitaji mita 5.4, ambazo zinaweza kulazwa sambamba na baraza bila kuziba njia ya waendao kwa miguu.

Wataalamu gani ni lazima wawepo?

Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi waliosajiliwa na bodi yao, mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, wa daraja linalolingana na kazi. Majina yao yaandikwe kwenye bango mbele ya eneo la ujenzi. Fundi wa mtaani ana nafasi yake, na kwa kazi za tope, chokaa na mninga mara nyingi ndiye anayejua zaidi, ila afanye kazi chini ya mkandarasi anayebeba dhamana. Kwa jengo la zamani, baada ya mkadiriaji kumaliza mchanganuo wa gharama, mimi humwomba mwenye mradi atenge robo ya ziada kwa ajili ya yale yatakayoonekana baada ya kubandua lipu.

Je, wapangaji wanaweza kuendelea na biashara wakati wa kazi?

Wanaweza endapo kazi ni ya nyuma na imetengwa kwa uzio. Kazi ikigusa paa, ukuta unaobeba au msingi, wahame. Wape taarifa ya maandishi yenye muda wa kutosha, na mkubaliane kwa maandishi kama watarudi na kwa kodi gani. Mama muuza vitenge aliyekaa kwenye fremu ile miaka kumi na tano ndiye anayejua wateja wa kona hiyo, na kumpoteza ni hasara kwa jengo lako.

Kodi ya majengo itabadilika?

Inakatwa kupitia LUKU. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inatozwa shilingi 18,000 kwa mwaka, na ghorofa katika miji shilingi 90,000 kwa kila sakafu. Ukigawa mita kwa wapangaji, fuatilia usije ukakatwa mara mbili kwa jengo moja.

Je, ninaweza kuuza chumba kimoja kimoja au sakafu moja?

Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu kuwa na hati yake, huku ngazi, paa na kiwanja vikimilikiwa kwa pamoja. Sehemu lazima zipimwe na kusajiliwa. Mkataba wa mkono ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa hautoshi.

Nimeshajenga bila kibali na ukuta umewekewa alama ya X nyekundu. Nifanye nini?

Simamisha kazi siku hiyo hiyo, kwa sababu kuendelea usiku kunafunga mlango wa mazungumzo. Nenda Manispaa na hati yako, omba kuelezwa kwa maandishi kosa ni lipi: ni kukosa kibali, ni matumizi, ni kuvuka mpaka, au ni kujenga kwenye hifadhi ya barabara. Makosa mawili ya kwanza mara nyingi yanarekebishika kwa kuchora jengo lilivyo, kulipia na kupita kwenye utaratibu wote, pengine pamoja na faini. Kuvuka mpaka kunahitaji mpima aonyeshe bikoni, na jirani awepo. Kilichojengwa ndani ya hifadhi ya barabara kwa kawaida kitaondolewa, na ni afadhali ukibomoe mwenyewe taratibu, ukiokoa bati, mbao na milango, kuliko kusubiri greda.